Yakini, Dhana na Injini Iliyochoka

Kupotea kwa kompresheni ni ugonjwa wa injini ambao chanzo chake hakionekani mpaka injini ifunguliwe. Lori la dizeli halina plagi za kuwashia moto. Pistoni huibana hewa iliyoingia kwenye silinda hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe kwa joto hilo. Rudolf Diesel alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1893, na injini yake iliyofaulu ilipimwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Hewa ikipata upenyo wa kutorokea, iwe kwenye ringi, kwenye valvu au kwenye gasketi, joto halifiki kiwango chake. Hapo lori huanza kuwa gumu kuwaka asubuhi, kukosa nguvu mlimani, kula oili na kutoa moshi.

Fundi huuliza hewa inatorokea wapi. Nyuma ya swali lake lipo jingine, ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi: mtu ajue kiasi gani ndipo awe na haki ya kutoa hukumu juu ya jambo asiloliona, hasa hukumu ambayo ikishatekelezwa hairudishiki? Kushusha injini ni hukumu ya aina hiyo. Gasketi ikishang'oka haitumiki tena, boliti zilizokaza kwa miaka mingi hukatika, siku za kazi hupotea, na injini iliyokuwa ikitembea japo kwa kuchechemea sasa iko chini vipande vipande.

Mkoani Singida swali hili lina uzito wake. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 1963, umekaa katikati ya Tanzania, na barabara kuu inayotoka Dodoma hupitia Manyoni, Ikungi na mjini Singida kabla ya kuelekea Misigiri, Shelui na Nzega. Alizeti ikianza kuvunwa, malori hutafutwa kila kijiji. Vitunguu vya Iramba na Mkalama na asali ya Itigi navyo hutaka gari. Katika familia nyingi zinazofanya biashara hii, lori moja aina ya Fuso ndilo mtaji wote. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliyechapisha kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu wa mkoa huu mwaka 1970, alionyesha kwamba ng'ombe kwao walikuwa mtaji, na kwamba kuuza, kubadilisha au kutunza mifugo kulifanywa kwa hesabu makini. Lori limeingia katika hesabu hiyohiyo, ila lina tofauti moja: haliongezeki kwa kuzaa. Kila kilomita hulipunguza.

Dalili moja, sababu nyingi

Moshi ni ushahidi wa kwanza unaoonekana. Moshi wa bluu huashiria kwamba oili inaungua pamoja na dizeli. Moshi mweupe injini ikiwa baridi huashiria dizeli iliyopita bila kuungua. Moshi mweusi huashiria kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikiwa inanguruma na hewa ikatoka kwa kishindo, mafundi husema injini inapumua, maana yake hewa ya silinda inapenya chini kupita ringi.

Hata hivyo kila moja ya dalili hizi ina sababu zaidi ya moja. Lori linaweza kukosa nguvu kwa sababu chujio la dizeli limeziba, pampu imechoka, au mpira wa dizeli unavuta upepo. Linaweza kutoa moshi mweusi kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi la barabara za Sepuka au Rungwa. Linaweza kula oili kwa sababu ya sili za valvu au turbo, huku ringi zikiwa nzima. Linaweza kuwa gumu kuwaka kwa sababu betri ni dhaifu na stata haiizungushi injini kwa kasi ya kutosha kuipasha hewa joto.

Kosa la kawaida hapa ni la kimantiki. Hoja huenda hivi: injini iliyopoteza kompresheni hukosa nguvu, lori hili limekosa nguvu, basi limepoteza kompresheni. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu hoja za uongo, alilitolea kosa hilo mfano wa mvua. Mvua ikinyesha ardhi hulowa, ndiyo maana watu wakiona ardhi imelowa hudhani mvua imenyesha, ilhali maji yanaweza kuwa yametoka kwingine. Methali ya Kiswahili kwamba dalili ya mvua ni mawingu ina hekima yake, lakini anayeijua Singida anajua pia kwamba mawingu ya Novemba huweza kupita bila tone. Dalili hufungua uchunguzi. Haiufungi.

Aristotle huyohuyo, mwanzoni mwa kitabu chake cha Metafizikia, alitofautisha mtu mwenye uzoefu na mtu mwenye ujuzi wa sababu. Mwenye uzoefu anajua kwamba jambo liko hivi. Mwenye ujuzi anajua kwa nini liko hivi. Alikiri kwamba katika kutenda, mwenye uzoefu mara nyingi humshinda mwenye nadharia tupu, kwa kuwa kitendo hugusa kitu kimoja mahususi: mgonjwa huyu, injini hii. Fundi aliyezoea Fuso huweza kusikia silinda dhaifu kwa sikio tu. Ila uzoefu wake una mpaka: siku dalili ileile ikiletwa na sababu ngeni, sikio litamjibu kama lilivyomjibu jana. Hapo ndipo kipimo kinapohitajika.

Mpangilio wa vipimo

Uchunguzi mzuri huanza na kipimo kisicho na gharama wala madhara, na huishia kwenye kile kisichorudishika. Kwanza hutazamwa vitu vilivyo nje: betri, chujio la hewa, chujio la dizeli, mipira na kiwango cha oili. Kisha dizeli hukatwa na injini kuzungushwa kwa stata tu. Silinda zikiwa sawa mlio huwa na mapigo yanayolingana. Silinda moja ikiwa dhaifu, pigo lake huja jepesi na stata huonekana kukimbilia mbele.

Kwenye injini zenye pampu ya zamani, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma. Silinda iliyokuwa ikifanya kazi ikikatiwa dizeli, mngurumo hubadilika. Ikikatiwa dizeli na mngurumo ukabaki vilevile, silinda hiyo haikuwa ikichangia kitu. Jibu hili linataja silinda yenye kasoro, lakini halitaji kasoro yenyewe, maana nozeli mbovu nayo hutoa jibu hilohilo.

Hatua inayofuata ni geji ya kompresheni. Injini hupashwa moto, nozeli zote hung'olewa, betri huhakikishwa imejaa, na kila silinda hupimwa kwa zamu. Injini nzima ya dizeli ya lori kwa kawaida husoma kati ya bar 25 na 30 hivi, na kitabu cha mtengenezaji hutaja kiwango cha chini kinachokubalika pamoja na tofauti inayovumilika kati ya silinda na silinda. Silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja huelekeza kwenye gasketi iliyoungua kati yao. Silinda zote zikishuka kwa kiasi kimoja huelekeza kwenye uchakavu wa jumla, au kwenye kosa la kupima.

Silinda iliyoonekana dhaifu hutiwa oili kidogo na kupimwa tena. Namba ikipanda, oili imeziba njia kwenye ringi, basi tatizo liko chini. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki chenyewe chaweza kudanganya, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo sana. Oili ikizidi hupunguza nafasi hiyo na kupandisha namba hata kama ringi ni nzima, na ikizidi sana huweza kupinda konrodi. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha kusikiliza. Hewa ikisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya upande huo. Ikitokea kwenye tundu la oili, ni ringi au silinda iliyolika. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi imeungua au hedi imepasuka.

Thamani ya kila kipimo hutokana na uwezo wake wa kukanusha. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1934, alisema kwamba dai la kisayansi hujulikana kwa kukubali kuwekwa mahali linapoweza kushindwa. Fundi anayeamini tatizo ni ringi, kisha akatazama moshi tena na tena, hajapima kitu, kwa sababu moshi hauwezi kumkatalia. Anayetia oili na kusoma geji amejiweka tayari kuambiwa kwamba amekosea. Kabla ya yote hayo, tapeti ni za kukaguliwa. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa na huvujisha hewa kama iliyoungua, na tiba yake ni spana na saa chache za kazi.

Namba na mahali pake

Geji hutoa namba, na namba huwa na sauti ya mamlaka. Lakini mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 84 ya ile ya pwani. Injini huibana hewa iliyopo, na hewa ikiwa nyepesi namba ya mwisho nayo hupungua kwa kiasi hichohicho. Injini ambayo ingesoma bar 28 Dar es Salaam itasoma kama bar 23 na nusu Singida, bila ringi yake hata moja kulika. Anayelinganisha namba hiyo moja kwa moja na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari huweza kuihukumu injini nzima kwa kosa la mlima.

Hili linagusa jambo pana katika falsafa ya maarifa. Kipimo hakisemi peke yake. Kila namba husomwa pamoja na masharti yaliyoizaa: kimo, joto la injini, nguvu ya betri, usahihi wa geji. Wanaodai kwamba kwa sababu hiyo hakuna ukweli wa uhakika wamekosea, kwani masharti hayo nayo yanajulikana na hupigiwa hesabu. Wanaodai kwamba namba ni namba wamekosea pia. Ndiyo maana ulinganisho wa silinda kwa silinda ndani ya injini moja huaminika kuliko namba ya silinda moja iliyosimama yenyewe: zote zimevuta hewa ya Singida ileile, siku ileile, kwa stata ileile. Daftari la vipimo vya miaka iliyopita huaminika zaidi tena, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutenda penye shaka

Hata vipimo vikifanywa kwa utaratibu, mara nyingi havifikishi kwenye uhakika kamili. Wanazuoni wa sharia ya Kiislamu walizipanga hali za akili katika daraja: yakini, ambapo hakuna upande wa pili, dhana yenye nguvu, ambapo upande mmoja umeelemea, na shaka, ambapo pande mbili zimelingana. Jalaluddin al-Suyuti, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Cairo mwaka 1505, alifafanua kanuni kuu tano za fiqhi, na mojawapo ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Udhu wa aliye nao kwa yakini haubatiliki kwa kushuku tu. Kwa mantiki hiyo, injini iliyojulikana kuwa nzima hubaki katika hukumu ya uzima mpaka upatikane ushahidi unaolingana na ujuzi uliotangulia, na wingu moja la moshi asubuhi ya baridi halitoshi.

Wanazuoni hao hawakudai yakini katika kila kitendo. Msafiri asiyeiona Kaaba huitafuta kibla kwa jua, nyota na dalili nyingine, na dhana yake yenye nguvu humtosha kusali. Angetakiwa kungoja yakini, wakati wa sala ungempita. Kinachotakiwa ni ijtihadi, yaani kufanya juhudi ya kweli katika ushahidi uliopo. Aliyeelekea popote bila kutafuta hahesabiwi kuwa amefanya wajibu wake, hata kama kwa bahati ameelekea sawa.

Kanisa Katoliki, ambalo Jimbo lake la Singida lilianzishwa mwaka 1972, lilipitia mjadala unaofanana na huo. Mwaka 1577 Bartolomé de Medina, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko huko Salamanca, alifundisha kwamba rai yenye sababu za kutosha yaweza kufuatwa hata kama rai iliyo kinyume ina sababu nzito zaidi. Waliomfuata wengine waliilegeza kanuni hiyo mno. Mwaka 1679 Papa Innocent XI alilaani madai kadhaa ya ulegevu huo, likiwemo dai kwamba hakimu aweza kuhukumu kwa rai iliyo dhaifu kuliko nyingine. Mwaka 1690 Papa Alexander VIII alikataa ukali wa upande wa pili, uliosema kwamba hata rai yenye nguvu kuliko zote hairuhusiwi kufuatwa maadamu haijawa yakini. Kati ya mipaka hiyo miwili maadili ya Kikatoliki yalibakiza kanuni ya wazi: uhai wa mwingine ukiwa hatarini, njia ya salama zaidi ndiyo ya kufuatwa.

Fundi ni hakimu wa aina yake, na mapokeo haya mawili yanakutana juu ya benchi lake. Makosa yanayowezekana ni mawili, na hayana uzito sawa. Kosa la kwanza ni kufungua injini ambayo haikuhitaji kufunguliwa. Hasara yake ni fedha ya mwenye gari. Kosa la pili ni kuiacha barabarani injini iliyokwisha. Lori lenye tani kadhaa za alizeti likikata pumzi katikati ya Mlima Sekenke, wilayani Iramba, hasara haibaki kwa tajiri. Inamfikia dereva, utingo, abiria wa basi linalofuata nyuma na mtu wa pikipiki kwenye kona. Kwa hiyo shaka ileile ina majibu mawili kulingana na swali inaloulizwa. Shaka haitoshi kushusha injini, bali inatosha kulizuia lori lisipakie mzigo wa mlimani mpaka lipimwe.

Kuna kikwazo cha desturi. Katika gereji nyingi kupima hakulipwi. Kinacholipwa ni kufungua na kufunga. Fundi aliyetumia nusu siku akagundua kwamba kilichohitajika ni tapeti hupata ujira mdogo kuliko aliyetangaza ovahoo, yaani kuifumua injini yote, baada ya dakika tano. Desturi hiyo humweka mtu mwaminifu mahali ambapo ukweli unamgharimu. Mwenye gari anayelipia uchunguzi kama kazi kamili, iwe injini itashushwa au la, ananunua hukumu isiyo na upande. Anayekataa kuulipia asishangae hukumu ikiegemea kwenye spana.

Kutengeneza, kuuza au kuacha

Chanzo kikishajulikana, swali hugeuka kutoka maarifa kwenda maamuzi. Njia ni tano hivi: kutengeneza sehemu ya juu tu kwa kusaga valvu na kubadili gasketi, kufanya ovahoo yote, pamoja na kuchonga silinda na krenki, kununua injini ya mtumba, kuliuza lori lilivyo, au kulikata spea. Kila njia ina hatari yake. Sehemu ya juu ikikazwa vizuri juu ya ringi zilizolika, nguvu iliyorudi huzielemea ringi hizo, na injini huweza kuanza kula oili kuliko mwanzo. Injini ya mtumba huondoa shaka moja na kuleta nyingine, kwani historia yake haijulikani, na inatakiwa kupimwa kabla ya kulipiwa kwa umakini uleule uliotumika kwa ile ya zamani.

Hesabu yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme lori likiwa bovu linauzika kwa shilingi milioni 18, likiwa zima milioni 34, na ovahoo ni milioni 12. Kutengeneza kunaacha milioni 22, kwa hiyo kunashinda kuuza kwa milioni 4. Lakini tuseme kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba krenki itakutwa imekwisha na kuongeza milioni 8. Gharama ya kutarajiwa inakuwa milioni 16, na njia mbili zinalingana. Uwezekano huo ukishushwa hadi robo, gharama inakuwa milioni 14 na kutengeneza kunatangulia kwa milioni 2. Tofauti kati ya hali hizo imeletwa na maarifa peke yake. Kupima vizuri kuna bei kwa sababu ujinga nao una bei.

Katika mfano huo kuna namba isiyoingia popote: fedha iliyokwisha kutumika. Tuseme milioni 9 zilitolewa mwaka jana kwa pampu na matairi: zimekwenda, lori likitengenezwa au likiuzwa. Hoja ya kwamba limeshakula fedha nyingi, haliwezi kuachwa, huzigeuza hasara za jana kuwa sababu ya hasara za kesho. Injili ya Luka, katika sura ya 14, inamsifu anayekaa chini kwanza kuhesabu gharama za mnara kabla ya kuujenga, na hesabu hiyo inatazama yaliyobaki kulipwa. Upande mwingine kuna pupa ya kutupa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Uislamu unaikataza israfu pamoja na kuiharibu mali bila sababu.

Kati ya kung'ang'ania na kutupa, sura ya 13 ya Injili hiyohiyo ina mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia mbolea. Ukizaa vema, usipozaa ukatwe. Ombi hilo lina sifa tatu zinazolitenga na ukaidi. Lina muda uliotajwa. Lina kazi mahususi itakayofanyika ndani ya muda huo. Na lina kipimo cha mwisho ambacho pande zote zimekikubali kabla matokeo hayajajulikana. Matumaini yenye masharti hayo matatu ni ya busara. Mwenye lori anayesema litatengenezwa mara moja, kwa bajeti hii, na likisoma chini ya kiwango hiki baada ya msimu wa alizeti litauzwa, ameyawekea matumaini yake mpaka. Anayesema litapona tu Mungu akipenda, bila muda wala kipimo, hajamtegemea Mungu. Amekwepa kuamua na kulitumia jina lake kama kisingizio.

Ni lori lilelile?

Watu hutengeneza pia kwa sababu ya mapenzi. Lori lililosomesha watoto huonekana kama mwanafamilia, na kulitengeneza huonekana kama kuliokoa. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, aliandika juu ya merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athens kwa kubadilishwa mbao zilizooza moja baada ya nyingine, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa merikebu ileile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliongeza ugumu: mtu akizikusanya mbao zote kuukuu na kuziunda upya, ipi kati ya merikebu mbili ndiyo yenyewe?

Katika malori hili si zoezi la darasani. Injini ya Fuso moja hutiwa kwenye nyingine, gia boksi ya tatu, na kabini ya nne. Serikali imelijibu swali kwa njia yake: kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini, na injini ikibadilishwa kumbukumbu inatakiwa kurekebishwa. Kwa sheria, gari linabaki lilelile maadamu chesisi ni ileile. Jibu la kimaadili ni tofauti kidogo. Kinachodumu katika lori ni kazi linalofanya kwa watu wanaolitegemea. Familia inayouza lori chakavu na kununua jingine linaloendelea kuleta mazao sokoni haijasaliti kitu. Inayouza shamba ili kuendeleza jina la lori imeweka chombo mahali pa watu waliostahili kuhudumiwa nacho.

Ukweli kwa mnunuzi

Uamuzi wa kuuza huleta wajibu wa mwisho. Oili nzito ikimwagwa kwenye injini iliyolika, ringi huzibika kwa muda na moshi hupungua. Injini ikiwashwa mapema kabla ya mnunuzi kufika, ugumu wa kuwaka asubuhi haujulikani. Oili inayomsaidia fundi kujua ndiyo inayomsaidia mdanganyifu kuficha.

Mapokeo ya Mtume Muhammad yanasimulia kwamba alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka na kukuta unyevu chini yake. Muuzaji alisema mvua ilinyesha. Mtume alimuuliza kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione, akatamka kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Fiqhi ya Shafi imejenga juu ya msingi huo wajibu wa muuzaji kutaja aibu anayoijua, na hiari ya mnunuzi kurudisha kitu akiigundua baadaye aibu iliyokuwapo kabla. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo huruhusu kuvunjwa kwa mkataba ambao ridhaa yake ilipatikana kwa udanganyifu.

Wajibu huo hauondolewi na mnunuzi kuwa mjanja au kuja na fundi wake. Mnunuzi ana dhana; muuzaji aliyepima ana yakini au jirani yake. Haki kati yao hudai kwamba karatasi ya vipimo ihame pamoja na ufunguo. Lori bovu linaweza kuuzwa kwa halali, na kwa bei nzuri, kwa mtu anayejua kwamba ni bovu: fundi mwenye karakana yake, au anayetafuta chesisi na kabini.

Kwa ujumla, hukumu juu ya injini iliyochoka hupimwa kwa mambo manne. Ushahidi ulingane na uzito wa kitendo. Shaka juu ya mali isubiri vipimo, na shaka juu ya uhai isisubiri. Fedha iliyokwisha kwenda isipewe kura. Na yaliyojulikana juu ya kasoro asifichwe anayekabidhiwa gari. Mwenye lori aliyeyatimiza hayo hana lawama hata kama injini ikifunguliwa itakutwa tofauti na alivyotarajia, kwa kuwa binadamu huulizwa juu ya juhudi aliyoifanya katika kujua. Asiyepima, akabahatisha na kupata, hana sifa ya kujivunia, na mwenzake asimwige.